Kati ya "Imelipwa" na "Imeshindikana"

Mtu anayeunganisha lango la malipo, yaani huduma inayopokea malipo ya mtandaoni kwa niaba ya muuzaji, na mfumo wa wavuti kwa mara ya kwanza huwa na matokeo mawili kichwani: mteja amelipa, au malipo yamekataliwa. Nyaraka za watoa huduma nazo zinaikoleza picha hiyo, maana mifano yake karibu yote inaishia kwenye kurasa mbili, moja ya kijani na nyingine nyekundu. Nimeifanya kazi hii kwa miaka, kwenye mifumo ya kuuza kozi, tiketi, usajili wa kila mwezi na michango. Karibu kila tatizo zito nililoitwa kulitatua halikuwa kwenye kijani wala kwenye nyekundu. Lilikuwa katikati: fedha zimetoka kwa mteja, au hazijatoka, na mfumo haujui lipi ni lipi.

Hali hiyo ya tatu haitokani na uzembe wa mtu. Inatokana na urefu wa njia. Mteja akibonyeza "Lipa", kivinjari chake kinazungumza na lango. Lango linapeleka ombi kwa benki inayompokelea muuzaji fedha. Benki hiyo inapitia mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard. Mtandao unaiuliza benki iliyotoa kadi. Kisha jibu linarudi kwa njia ileile. Hapohapo benki ya mteja inaweza kudai athibitishe kwa namba ya siri iliyotumwa kwenye simu au kwa programu ya benki. Tangu tarehe 14 Septemba 2019, sheria ya malipo ya Umoja wa Ulaya iitwayo PSD2 inataka uthibitisho wa aina hiyo kwa sehemu kubwa ya malipo ya mtandaoni, na mteja anaweza kuchukua dakika kadhaa akitafuta simu yake ndani ya nyumba. Waya ukikatika popote katika safari hiyo, kila upande unabaki na sehemu yake ya habari.

Kwa hiyo swali ninalouliza kabla ya kuandika mstari wowote ni hili: mfumo huu utamwamini nani?

Mfumo mmoja wa kuuza kozi ulikuwa unamwamini mteja. Baada ya malipo, lango lilimrudisha mteja kwenye ukurasa wa shukrani wenye anwani inayoishia na ?oda=1043&hali=imelipwa, na ukurasa huo ndio uliokuwa ukiifungua kozi. Walioniita walikuwa na malalamiko ya aina moja tu: watu wamelipa na kozi haijafunguka. Kumbukumbu za seva zilieleza kilichotokea. Wateja hao walikuwa wakiona neno "Malipo yamekubaliwa" kwenye ukurasa wa lango, wanafunga dirisha, wanaondoka. Mtu aliyekwisha lipa hana sababu ya kusubiri aelekezwe kwingine. Ukurasa wa shukrani haukufunguliwa kamwe, na mfumo haukupata habari.

Nikamwomba mwenye mfumo tukae pamoja. Nikafungua oda mpya bila kulipa chochote, nikaiandika namba yake kwenye anwani ile badala ya 1043, nikabonyeza. Kozi ikafunguka mbele yetu. Mlango uliokuwa unawafungia waliolipa ndio huohuo uliokuwa unawafungulia wasiolipa, na hakuna aliyekuwa amelalamika kuhusu upande huo wa pili, kwa sababu anayefaidika halalamiki.

Ukurasa wa kurudi una kazi moja tu halali: kumwambia mteja tumefika wapi. Kuamua kama fedha zimeingia ni kazi ya seva kwa seva. Njia ziko mbili na ninazitumia zote. Ya kwanza ni seva yako kuliuliza lango, kwa ufunguo wake wa siri, "muamala huu una hali gani?" Ya pili ni webhuku, yaani ombi ambalo seva ya lango inaituma kwa seva yako bila kuulizwa, kila hali ya muamala inapobadilika.

Webhuku ndiyo sehemu inayoonekana nyepesi kwenye maelezo na inayokula saa nyingi kuliko zote. Unaandika anwani kwenye dashibodi ya lango, unahifadhi, unasubiri, hakuna kinachofika. Mara nyingi kizuizi ni ulinzi ambao mfumo wako wenyewe uliuweka kwa nia njema. Django na Laravel, zana mbili za kujengea mifumo ya wavuti, hukataa ombi la POST (ombi linalopeleka data kwa seva) lisilobeba tokeni, yaani alama ya siri, ya kuzuia maombi bandia. Django inajibu kwa namba ya hitilafu 403, Laravel 419. Lango haliwezi kuwa na tokeni hiyo, kwa hiyo anwani ya webhuku inabidi isamehewe ukaguzi huo, hiyo moja tu, na ilindwe kwa saini badala yake. Kizuizi kingine ni uelekezo. Anwani imeandikwa kwa http na seva inapeleka kila kitu kwenye https, au imekosa mkwaju (/) wa mwisho na mfumo unaongeza. Kwa mtu anayefungua ukurasa hilo halina madhara. Kwa webhuku ni maafa, kwa kuwa malango mengi hayafuati uelekezo, na hata programu zinazoufuata huweza kuligeuza ombi la POST kuwa GET (ombi la kusoma tu) na kilichokuwa ndani yake kikapotea njiani. Ninaandika anwani ya mwisho kabisa, herufi kwa herufi, kisha ninaijaribu kwa ombi la POST kutoka nje ya mtandao wetu.

Saini nayo ina tabia yake. Lango linachukua mwili wa ombi na siri mnayoijua nyinyi wawili tu, linakokotoa HMAC, yaani muhuri wa kihesabu unaotokana na siri hiyo na kila baiti ya mwili, kwa kawaida kwa kanuni ya SHA-256, na kuweka matokeo kwenye kichwa cha ombi. Wewe unarudia hesabu hiyohiyo na kulinganisha. Siku moja nilikaa na kijana aliyekuwa ameshika kichwa: siri ni sahihi, hesabu ni sahihi, saini hazilingani hata kidogo. Tukachapisha miili miwili kando kwa kando, ule uliopokelewa na seva na ule uliokuwa unafikishwa kwenye hesabu. Wa kwanza ulikuwa na "kiasi": 2500, wenye nafasi baada ya nukta mbili. Wa pili haukuwa na nafasi hiyo. Mfumo wake ulikuwa unaibadilisha JSON (maandishi yenye mpangilio wa kubebea data) kuwa data, na yeye akiirudisha kuwa maandishi kabla ya kukokotoa. Maana haikubadilika, baiti zilibadilika, na HMAC inajua baiti tu. Dawa ni kuuchukua mwili mbichi kama ulivyoingia, kuuhakiki, halafu ndipo uusome. Na kulinganisha kufanywe kwa fomula ya muda usiobadilika ambayo lugha nyingi za programu zinayo tayari, ili mshambuliaji asiweze kukisia saini kwa kupima kasi ya kukataliwa.

Malango mengine huongeza muda ndani ya saini ili ombi la zamani lisirushwe tena na mtu aliyelinasa. Maktaba za msimbo za Stripe, mojawapo ya malango maarufu, kwa mfano, hukubali tofauti ya dakika 5 kwa kawaida. Hapo saa ya seva inakuwa sehemu ya usalama wa malipo. Seva ambayo saa yake imeteleza itaanza kukataa webhuku halali zote, na ujumbe wa hitilafu utasema tu saini si sahihi.

Webhuku ikishahakikiwa, ninaiandika kwenye hifadhidata kama ilivyo, ninaiweka kwenye foleni, ninajibu 200 (yaani nimepokea) papo hapo. Kutuma barua pepe, kutengeneza risiti ya PDF, kufungua kozi, vyote hivyo baadaye. Ukichelewa kujibu, lango linahesabu kuwa hukupokea, na litatuma tena. Stripe huendelea kujaribu hadi siku 3. Hiyo ni neema kubwa seva ikianguka usiku, ila ina sharti: tukio moja litakufikia zaidi ya mara moja, na matukio yanaweza kufika yakiwa yamepishana, "imerejeshwa" ikatangulia "imelipwa". Kwa hiyo namba ya tukio ninaiwekea kizuizi cha upekee kwenye jedwali. Hifadhidata yenyewe ndiyo inayoikataa nakala ya pili, sitegemei msimbo ukague kwanza, maana nakala mbili zikifika kwa pamoja zote zitakagua na zote zitaona hakuna. Na hali ya oda sihamishi kwa kufuata tukio lililofika mwisho. Nikiona utata ninaliuliza lango hali ya sasa.

Upande wa kwenda nao una giza lake. Seva yako inaliomba lango likate fedha, sekunde zinapita, muda wa kusubiri unaisha. Je, ombi halikufika? Au lilifika, fedha zikakatwa, na jibu ndilo lililopotea? Ukijaribu tena unaweza kumkata mteja mara mbili. Usipojaribu unaweza kumpoteza. Malango mazuri yametatua hili kwa ufunguo wa kutorudia: unaambatanisha kitambulisho cha pekee kwenye ombi, na ukituma tena kwa kitambulisho kilekile, lango linakurudishia jibu la mara ya kwanza badala ya kukata upya. Kosa ninalolikuta kwenye misimbo mingi ni kitambulisho hicho kutengenezwa ndani ya kipande kinachojaribu tena, hivyo kila jaribio linapata kipya na ulinzi wote unayeyuka. Kinatakiwa kizaliwe pamoja na jaribio la malipo la oda ile, kihifadhiwe kabla ya ombi kutoka, na kitumike hadi jibu lipatikane. Mteja akibadilisha kadi, hilo ni jaribio jipya na ufunguo mpya.

Maana yake ni kwamba oda lazima iwepo kwenye hifadhidata kabla lango halijaguswa. Nasisitiza hili kwa sababu nimekutana na mifumo inayotengeneza oda baada ya malipo kufanikiwa, kwa hoja kwamba haitaki takataka za oda zisizolipwa. Sikubaliani nayo asilani. Safu elfu za oda zilizoachwa njiani hazina gharama yoyote ya maana. Malipo moja yasiyo na oda yana mtu halisi nyuma yake anayeuliza fedha zake ziko wapi.

Kuhusu kiasi chenyewe. Malango mengi yanataka kiasi kwa kipimo kidogo kabisa cha sarafu, kwa namba nzima, na watu wanazidisha kwa 100 wakadhani wamemaliza. Yeni ya Japani haina senti, kwa hiyo 5000 inabaki 5000. Ukizidisha umemdai mteja mara mia. Dinari za Kuwait, Bahrain na Tunisia zina desimali 3. Orodha rasmi iko kwenye kiwango cha ISO 4217 na ni heri kuiweka kwenye mfumo kama jedwali kuliko kuikariri. Halafu kuna namba zenye nukta: kwenye JavaScript, 19.99 mara 100 ni 1998.9999999999998, na ukikata desimali unapata 1998. Fedha zihifadhiwe kwa namba nzima tangu mwanzo hadi mwisho. Webhuku ikisema imelipwa, linganisha pia kiasi na sarafu na vile vilivyo kwenye oda yako. Neno "imelipwa" halisemi kimelipwa kiasi gani, na kama kiasi kilitoka kwenye sehemu iliyofichwa ya fomu ya kivinjari, mtu yeyote anayejua kufungua zana za kivinjari anaweza kukibadilisha.

Kuna hitilafu moja ambayo hadi leo naiona kuwa ya kuelimisha kuliko zote. Wateja walikuwa wakitoka kulipa wanajikuta wametolewa kwenye akaunti zao. Si wote. Timu ilijaribu tena na tena, kila safari mambo yakaenda sawa. Lango lile lilikuwa linamrudisha mteja kwa ombi la POST kutoka tovuti nyingine, na tangu mwaka 2020 Chrome huvichukulia vidakuzi (alama ndogo ambazo kivinjari huhifadhi ili tovuti imtambue mteja aliyeingia) visivyotaja SameSite, mpangilio unaosema lini kidakuzi kipelekwe na ombi linalotoka tovuti nyingine, kana kwamba vimeandikwa Lax, yaani havipelekwi kwenye POST inayotoka tovuti nyingine. Ila Chrome iliacha nafasi ndogo: kidakuzi cha namna hiyo chenye umri wa chini ya dakika 2 kilikuwa kinapita. Wanaprogramu walikuwa wanaingia, wanabandika namba ya kadi ya majaribio, wanamaliza ndani ya muda huo. Mteja wa kweli anachagua bidhaa, anatafuta kadi, anasubiri namba ya benki, na anaporudi kidakuzi kimeshazeeka. Suluhisho letu lilikuwa ukurasa mdogo unaopokea POST bila kuhitaji kikao chochote, kisha unamwelekeza mteja kwa GET ya ndani ya tovuti yetu, ambako kidakuzi kinarudi kazini. Tangu hapo, ninapojaribu malipo ninajilazimisha kwenda taratibu kama mteja anavyokwenda.

Funguo za siri sitazikalia sana: zikae kwenye mazingira ya seva au hifadhi ya siri, zisiingie kwenye Git, programu inayotunza historia ya msimbo, hata mara moja, kwa kuwa Git inakumbuka kilichofutwa. Ukiuona ufunguo kwenye historia, ubatilishe kwenye dashibodi kwanza, kusafisha historia kutafuata. Na siri ya webhuku ya majaribio siyo ya mazingira halisi. Kuisahau hiyo siku ya uzinduzi ni jambo la kawaida mno.

Namba za kadi ni suala jingine. Kiwango cha usalama cha PCI DSS, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka Desemba 2004, kinamgusa kila anayehifadhi, kuchakata au kupitisha data za kadi, na njia ya kupunguza mzigo wake ni kuhakikisha namba hizo hazipiti kwenye seva yako kabisa: fomu iwe ya lango, wewe upokee tokeni, yaani kitambulisho kinachosimama badala ya kadi. Ninaunga mkono hilo kwa moyo wote. Lakini namba za kadi hupita mlango wa nyuma. Mteja anaiandika kadi yake kwenye kisanduku cha maoni, au kwenye ujumbe kwa huduma kwa wateja pamoja na tarakimu 3 za nyuma, ambazo kiwango hicho kinakataza kuzihifadhi baada ya malipo kuidhinishwa hata kama zimesimbwa. Kutoka hapo zinaingia kwenye kumbukumbu za seva, kwenye nakala za akiba, kila mahali.

Kwa hiyo huwa ninaweka kichujio mbele ya kumbukumbu. Kinatafuta mfululizo wa tarakimu 13 hadi 19 na kuupitisha kwenye kanuni ya Luhn, ile iliyobuniwa na Hans Peter Luhn wa IBM na kupata hataza mwaka 1960. Kuanzia kulia unaiacha tarakimu ya kwanza, inayofuata unaizidisha kwa 2, unaruka moja, unazidisha nyingine, zinazozidi 9 unazipunguza kwa 9. Jumla ya zote ikigawanyika kwa 10 bila baki, namba inafanana na ya kadi. Kadi maarufu ya majaribio ya Stripe, 4242 4242 4242 4242, inatoa 80. Namba ndefu ya kawaida ina nafasi moja kati ya kumi ya kupita kwa bahati, kwa hiyo kichujio kitaficha pia namba kadhaa zisizo na hatia. Naikubali gharama hiyo.

Hata haya yote yakiwa sawasawa, hali ya tatu inabaki, na mteja aliyemo ndani yake anastahili maneno yaliyonyooka. Ninaandika mwenyewe ujumbe wa ukurasa huo, simwachii mbunifu ajaze baadaye. "Tunasubiri uthibitisho kutoka benki yako. Tafadhali usilipe tena. Namba ya oda yako ni hii, na tutakutumia barua pepe jibu likifika." Nimeona kurasa za namna hiyo zikisema "Hitilafu imetokea, jaribu tena", na mtu mwadilifu anajaribu tena, na tena, kila mara akikatwa.

Nyuma ya ukurasa huo kuna kazi inayojiendesha kila baada ya dakika chache, inayochukua oda zote zilizoganda katikati na kuliuliza lango moja baada ya nyingine. Na kila usiku kuna ulinganisho kamili: miamala yote ya lango upande huu, oda zetu upande ule. Iliyopo kwao na haipo kwetu inampigia mtu kengele. Iliyopo kwetu na haipo kwao vilevile. Ulinganisho huo ndio unaogundua webhuku iliyopotea moja kwa moja, na kwenye mifumo ninayoisimamia naujenga kabla ya kitufe cha kulipa kuwekwa kwenye ukurasa.

Marejesho nayo yanapita njia ileile na yanaganda vilevile. Ombi la kurejesha likikubaliwa na lango, fedha bado hazijafika; kwa kadi mara nyingi ni siku 5 hadi 10 za kazi, na rejesho linaweza kushindikana baadaye, kwa mfano kadi ikiwa imefungwa. Kwa hiyo rejesho nalilinda kama malipo: safu yake kwenye jedwali, ufunguo wake wa kutorudia, webhuku zake, nafasi yake kwenye ulinganisho wa usiku. Na barua pepe kwa mteja inasema "tumeomba benki ikurudishie" siku ya ombi, na inataja tarehe ya mwisho ambayo ikipita bila yeye kuona fedha ajibu barua hiyohiyo, itakayomfikia mtu.